Uwanja wa Watoto Hauuzwi



Katika kikao chetu cha mwezi uliopita tulisomewa pendekezo ambalo wengi walilipokea kwa makofi. Uwanja ulio nyuma ya shule ya parokia, wanapochezea watoto wa kata nzima tangu sisi wenye mvi tulipokuwa tukivaa kaptura, ujengewe maduka 12 upande wa barabara na ukumbi wa sherehe upande wa bonde. Kodi ya maduka itatengeneza paa la kanisa, na ukumbi utakodishwa kwa arusi. Mchoro ulipita mkono kwa mkono. Ulikuwa mchoro mzuri. Mchoraji alikuwa ameweka hata gari jeupe mbele ya lango. Mtoto hakumchora.

Siku ile nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kukahesabiwa kuwa ni kukubali. Leo nachukua nafasi katika ukurasa huu kusema ambayo sikuyasema kikaoni: pendekezo hili ni baya, hata kama limeletwa na watu wema, na ninawaomba mlikatae kura itakapopigwa. Sisemi hivyo kwa sababu sioni paa linavyovuja. Ninakaa benchi la tatu upande wa kushoto, na mvua ya Novemba hunidondokea begani.

Mtakubali kwamba mwalimu aanze na maana ya neno. Mwaka jana niliwauliza watoto wa katekisimu: parki ni nini? Wa kwanza akajibu kwamba ni mahali pa masokwe. Alisema kweli. Parki ya Kahuzi-Biega iko jirani na mji wetu wa Bukavu. Iliundwa mwaka 1970, na tangu 1980 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Wa pili akasema kwamba ni mahali ambapo magari ya abiria hupangana yakingoja kujaa. Naye hakukosea, ndivyo tunavyosema kila siku. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba parki yaweza kuwa bustani ya watu wa mtaa, mahali penye kivuli, benchi na bomba la maji, ambapo mzee hupumzika na mtoto hukimbia pasipo mtu kuwauliza tiketi. Wangesemaje, nao hawajapaona? Parki ya kwanza ni ya masokwe na wageni wanaolipa kwa dola. Katika miaka ya 1970 ndugu zetu Watwa waliondolewa humo wakaachwa bila ardhi. Parki ya pili ni ya magari. Kati ya sokwe na gari, binadamu hakuwekewa nafasi.

Nilitaka kuwaonyesha watoto wale kwamba nafasi hiyo ipo. Mwezi wa Julai, baada ya komunyo ya kwanza, tuliondoka Kadutu Jumamosi asubuhi, watoto 38, mama wawili na mimi, tukiwa na ndoo ya maandazi na bidoni mbili za maji ya matunda. Niliwaahidi kwamba tutatembelea bustani za mji, kisha tutakaa ufukoni na kula. Nakiri kwamba niliahidi kwa kumbukumbu ya ujana wangu, bila kwenda kwanza kuangalia.

Mahali pa kwanza palikuwa mzunguko mmoja wa barabara wenye nyasi na maua. Watoto wakavuka kwa mstari, wakakaa. Hazikupita dakika tano mlinzi akaja. Hakuwa mkali. Alituambia kwamba pale si pa kukaa, ni pa kupendeza mji. Tukainuka.

Mahali pa pili nilipajua vizuri. Nilipokuwa nikisomea ualimu palikuwa na mabenchi ya saruji na miti mikubwa, na taa moja ya barabarani ambayo chini yake tulijifunza kwa ajili ya mitihani, maana nyumbani mafuta ya taa yalikuwa yakihesabiwa kwa kijiko. Kwa muda nilidhani nimepotea njia. Pamejengwa nyumba ya ghorofa, chini famasi na kibanda cha kutuma pesa kwa simu. Shina la mti mmoja limeachwa ndani ya ukuta, nusu nje, nusu ndani, kwa sababu nadhani kuling'oa kungeligharimu zaidi ya kulizungushia matofali.

Tukashuka kwenda ziwani. Ninyi mnaijua Bukavu: rasi tano zinazoingia ndani ya ziwa Kivu kama vidole vya mkono, na maji kila upande unaogeuka. Nendeni basi kwa miguu mkayatafute maji hayo. Tulitembea zaidi ya saa nzima kando ya kuta. Ukuta wa mawe, ukuta wa matofali, ukuta wenye vipande vya chupa juu yake, lango, mbwa, ukuta tena. Penye lango moja palikuwa na bustani ya hoteli, na kupitia chumani tuliona nyasi zilizokatwa na bembea mbili zisizo na mtu. Kijana wa langoni, mwenye heshima zake, akanitajia kiingilio cha kila kichwa, na juu yake kinywaji cha lazima. Nikapiga hesabu: ingemeza zaidi ya nusu ya mshahara wangu wa mwezi. Watoto walikuwa wananitazama usoni wakati wa kupiga hesabu ile.

Hatimaye tulifika ufukoni, pale mitumbwi inapoegesha: matope, harufu ya mazutu, akina mama na mabeseni yao wakingojea sambaza. Hapo hakuna aliyetufukuza. Msichana mmoja wa miaka 11, mzaliwa wa Kadutu, akavua viatu, akaingiza mikono yote miwili majini mpaka kwenye viwiko, akasema: «Kumbe ni ya baridi.» Mtoto huyu analiona ziwa lote kila asubuhi kutoka mlangoni kwao, kwa sababu kwao ni juu kileleni. Hakuwa amewahi kuligusa.

Maandazi tuliyala katika ua wa masista waliotufungulia, chini ya mti wa avoka. Watoto walicheza hadi saa kumi, na kuwarudisha nyumbani ilikuwa kazi.

Sasa turudi kwenye mchoro wetu. Mji mzima umewekwa kuta, na katika kata yetu yote umebaki uwanja mmoja wa wazi, wenye tambarare, usio na kiingilio, nao ni ule wa parokia. Sisi, chama cha walei, tunataka kuuwekea ukuta wa maduka. Nitauliza kwa upole: tofauti yetu na wale wa ufukoni ni ipi? Wao angalau hawaanzi kikao kwa sala.

Tusidhani kwamba hali hii iliangushwa na mbingu. Wazee wanaeleza kwamba jina la Bukavu latoka katika Mashi, nalo lataja malisho ya ng'ombe. Maana yake hapa palikuwa na nyasi hata kwa ng'ombe. Wabelgiji walipauita Costermansville, wakajipangia Ibanda yenye bustani na miti kando ya barabara, na kwa wafanyakazi weusi wakapanga mitaa yao kando, Kadutu na baadaye Bagira. Mantiki yao ilikuwa wazi: mtu wa Kadutu ni mikono, apewe mahali pa kulala ili kesho arudi kazini. Mikono haihitaji benchi. Jina lile lilifutwa hata kabla ya uhuru, na baada ya uhuru nyumba za Ibanda tukazirithi, lakini wazo lile tulilihifadhi kwa uaminifu wa ajabu. Hata leo, tukipanga jambo kwa ajili ya watu wetu, tunafikiri mahali pa kulala na mahali pa kuuzia. Wakoloni waliweka mipaka. Sisi tumeikata ile bustani iliyobaki, vipande vipande, kwa wakwe na mashemeji. Watu wanaokadiriwa kuzidi milioni moja wanaishi leo juu ya vilima vilivyopangiwa sehemu ndogo tu ya idadi hiyo. Ndiyo sababu moja ya kujenga zaidi, mtasema. Mimi nasema ndiyo sababu ya kuacha kila pumzi iliyobaki.

Na sheria ipo. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, katika kifungu chake cha 55, inaitenga ardhi iliyowekwa kwa matumizi ya watu wote, na inakataza kumpa mtu binafsi ardhi hiyo maadamu haijaondolewa rasmi katika matumizi hayo. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya, tena inampa wajibu wa kuyatetea. Nitakumbushwa kwamba uwanja wetu ni wa parokia, si wa Serikali. Ni kweli. Lakini kwa miaka hiyo yote watoto waliouchezea hawakuulizwa ubatizo wao: Wakatoliki, Waprotestanti, Waislamu wa bondeni, wote walikuwa timu mbili tu, wenye shati na wasio na shati. Hati yaweza kusema letu, matumizi yamesema la wote, na sidhani kwamba Mkristo aliye mbele ya mambo hayo mawili anaweza kuichagua hati kwa moyo mwepesi.

Juu ya hati nina neno, na si neno jepesi kwangu.

Mnaijua habari ya Nabothi katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Sisi tunaohubiri hupenda kukaa juu ya ukatili wa Yezabeli, tukapita haraka juu ya jinsi kazi ilivyofanyika. Shamba lile halikunyang'anywa kwa panga usiku. Ziliandikwa barua. Barua zikapigwa muhuri wa mfalme. Zikapelekwa kwa wazee na wakubwa wa mji, wale waliokaa jirani na Nabothi, nao wakatii. Wakatangaza mfungo, wakaweka mashahidi wawili. Kila kitu kilikuwa na karatasi yake. Ahabu alipokwenda kulitwaa shamba, angeweza kabisa kuonyesha faili iliyokamilika. Na shamba lenyewe alilitaka kwa nini? Apande mboga.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mmoja wa wazee wale. Katika kata nilimokaa wakati huo kulikuwa na kipande cha wazi ambacho watu walikiita tu «pa watoto». Mtu mmoja, mwamini mwema, aliyekuwa ametoa mabati kwa ajili ya kikanisa chetu, alikuja nyumbani jioni na karatasi. Ilihitaji majirani watatu washuhudie kwamba kiwanja kile hakikuwa na matumizi yoyote. Wawili walikuwa wamekwisha kutia sahihi. Aliniita Papa Mwalimu, akaniletea heshima zote, na mimi nikatafuta kalamu. Sikupokea pesa, nilijisifu kwa hilo kwa muda mrefu. Lakini niliandika kwa mkono huu, unaowafundisha watoto wetu amri ya nane, kwamba mahali walipokuwa wakicheza watoto zaidi ya hamsini hapakuwa na matumizi yoyote.

Wale watoto walihamia barabarani. Mnajua barabara zetu: zinashuka kama ngazi. Mpira wa mifuko ya plastiki uliofungwa kwa kamba haujui kusimama. Unateremka, na mtoto anaufuata bila kutazama, na pikipiki inapanda. Mmoja wao anachechemea mpaka leo. Huja misa ya pili. Mama yake hunisalimu vizuri, kwa kuwa hajui habari ya ile karatasi. Sasa atajua.

Kwa hiyo msinitarajie niwe na adabu nyingi mbele ya mchoro wenye gari jeupe.

Hoja zinazoletwa dhidi ya uwanja nazijua zote. Inasemwa kwamba bustani na viwanja vya kupumzikia ni anasa za Wazungu, sisi tuna shida nyingine. Hoja hii hunichosha kuliko zote. Je, vijijini kwetu hapakuwa na baraza? Je, hapakuwa na mti mmoja ambao chini yake kesi zilisikilizwa, wageni wakapokelewa, wazee wakaota jua la asubuhi? Nani aliwahi kuuliza mti ule unaingiza kiasi gani kwa mwezi? Anasa ya kigeni ni ukuta. Huo ndio tulioufundishwa.

Inasemwa pia kwamba mahali pa wazi huzaa uhuni: maibobo watalala humo, walevi watakunywa humo. Nami nimechunguza jambo hili kwa miaka, kwa maana nyumba yangu inautazama uwanja. Saa kumi jioni, wakati akina mama wameketi kwenye mawe wakichambua sombe na watoto wamejaa, hakuna mhuni anayesogea. Wanakuja saa tatu usiku, giza likishaingia na sisi tukishafunga milango. Mhuni hupenda kichochoro chenye kuta pande mbili, yaani aina ile ya mahali tutakayoizalisha nyuma ya maduka 12. Na maibobo mwenyewe ni mtoto. Kama ametukosa sisi hata uwanjani, atatukuta wapi?

Kuna ndugu aliyesimama kikaoni akasema kwamba katika nyakati za vita ni aibu kuzungumzia michezo. Yeye namheshimu, amezika watu. Lakini na akumbuke pamoja nami. Mji huu ulipitia 1996, ukapitia 1998, ukapitia 2004, ukapitia 2025. Kila mara watu walikimbia kutoka kata moja kwenda nyingine, au walishuka kutoka milimani na godoro kichwani. Walilala wapi? Katika madarasa yetu na uwanjani kwetu. Masufuria yalipangwa pale pale panapochorwa ukumbi. Na moto je? Nyumba za mbao za Kadutu zinashikana mabega; moto ukianza nyumba moja, gari la zimamoto halina njia, na watu hutupa magodoro na watoto mahali pa wazi palipo karibu. Palipo karibu na sisi ni pale. Mwenye duka atafungua mlango wake usiku wa manane ili godoro lako liingie kati ya mifuko ya unga? Labda. Mimi sitamwekea dau.

Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mchezo si zawadi anayopewa mtoto akimaliza kazi, bali ni sehemu ya kazi yake ya kukua. Niliiandika sentensi hiyo katika mtihani nikapata alama nzuri, lakini niliielewa baada ya miaka 20 darasani. Mtoto wa kata yetu huamka katika chumba kimoja na watu sita au saba. Anakuja darasani, anakaa dawati moja na wenzake watatu, viwiko vikigombana. Anarudi kwa njia ambayo watu wawili hawawezi kupishana bila mmoja kugeuka ubavu. Hapati mahali katika siku nzima ambapo anaweza kunyosha mikono yote miwili na kuzunguka. Halafu mwalimu anaandika katika ripoti: hatulii. Niliandika hivyo mara nyingi. Siku hizi, kabla sijaandika, namwuliza alicheza wapi jana.

Wala si watoto tu. Watazameni akina mama wabeba mizigo, wanaopanda kutoka ziwani na gunia mgongoni, kamba ikiwa imekaza pajini. Mtu wa namna ile hawezi kutua mzigo popote, kwa kuwa akiuweka chini hawezi kuuinua tena peke yake. Hapo pembeni ya uwanja, penye ukuta mfupi wa mawe uliosalia wa jengo la zamani, wanaegemeza mgongo, gunia linakaa juu ya ukuta bila kufunguliwa, wanavuta pumzi, wanakunywa maji, wanaondoka. Kimo cha ukuta ule ni kimo cha kiuno cha mama. Hakuna mhandisi aliyeupanga hivyo. Lakini katika mchoro wetu ukuta huo umefutwa, na mahali pake pameandikwa «maegesho».

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aya ya 45, alilalamika kwamba maeneo mazuri yanafungiwa watu binafsi, na kwamba bustani zilizotunzwa huonekana mitaa ya wenye nafasi lakini hazionekani pale wanapoishi waliosahauliwa. Tuliusoma waraka huo katika semina yetu, tukapewa vyeti. Naye nabii Zakaria, katika sura ya 8, alipotaka kueleza jinsi Yerusalemu itakavyokuwa Mungu akirudi kukaa ndani yake, alitaja wazee wenye fimbo waliokaa katika viwanja vya mji, na wavulana na wasichana wakicheza humo. Maduka hakuyataja, ingawa sina shaka yalikuwapo.

Nitaulizwa: na paa? Swali ni la haki. Kanisa hili lilijengwa na baba zetu na mama zetu bila kodi ya duka hata moja. Kila shirika lilibeba mawe yake kutoka mtoni, na mzee wangu alikuwa akituonyesha mstari wa mawe ya shirika letu, upande wa sakristia. Tuna mashirika mengi kuliko wao, na simu ambazo wao hawakuwa nazo. Tukigawa bei ya mabati na mbao kwa mashirika, kila moja likapewa mistari yake ya paa, na hesabu ikabandikwa mlangoni kila Jumapili ili kila mtu aisome, tutachelewa zaidi kuliko kwa njia ya mpangaji anayelipa kodi ya mwaka mbele, nakubali. Tutavujiwa msimu mmoja zaidi wa mvua, pengine miwili. Mimi niko tayari, na nimekwisha kusema ninapokaa.

Kuhusu uwanja wenyewe, sipendekezi makubwa. Lubumbashi wana bustani ya wanyama katikati ya mji wao. Njaa na vurugu za miaka ya 1990 ziliimaliza, nayo ikafufuliwa, na familia huenda kutembea humo. Sisi hatuhitaji simba. Mabenchi sita ya saruji, mawili kati yake yawe ya kimo cha ukuta ule wa akina mama. Miti ya kivuli upande wa magharibi. Isiwe mikaratusi, ambayo hunyonya maji na haitoi kivuli cha maana. Bomba moja. Vyoo viwili, vya wanawake mbali na vya wanaume, na ufunguo ukae kwa mtu anayejulikana kwa jina. Mfereji wa kuongoza maji ya mvua upande wa bonde, kabla udongo haujaanza kukatika, kwa maana ule ukumbi nao ungejengwa juu ya udongo huo huo, na kati yetu kuna wanaojua vizuri yanayotokea Bukavu kwa nyumba zilizojengwa mahali pa namna hiyo. Kufagia kwa zamu, kama tunavyofagia kanisa Jumamosi. Seremala na mafundi uashi tunao ndani ya chama, wanne kwa hesabu yangu, na mmoja amekwisha kuniambia faraghani kwamba atatoa siku tatu za kazi. Alitaka nisimtaje mpaka kura ipite, kwa sababu mwenye mchoro ni mkwewe.

Na jambo moja la mwisho kwa wajumbe wa kamati. Karatasi inayoandaliwa ina mahali pa sahihi za majirani watatu wa uwanja, wathibitishe kwamba hautumiki. Mimi ni mmoja wa hao majirani. Safari hii msije jioni.

Kura ni Jumapili ya tatu, baada ya misa ya pili. Nitakuwa uwanjani nusu saa kabla, na kamba ya mita 50, ili kila mwenye kupiga kura aone kwanza urefu na upana wa kitu anachokitoa. Atakayekuja avae viatu vya kazi, maana upande wa bonde bado kuna matope, na tafadhali aangalie asikanyage mistari ya goli; vijana wameichora upya kwa majivu wiki hii.